Shangazi, vijana wangu wanasema michezo ni ya watoto. Niifute?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mlezi wa kujitolea wa kikundi cha vijana. Tunakutana kila Jumamosi alasiri kwa saa mbili, katika ukumbi wenye sakafu ya vigae na viti vya plastiki. Wako 28, wavulana kwa wasichana, wa miaka 13 hadi 17. Walezi tuko wawili, mimi na kaka mmoja aliyenitangulia kwa miaka sita. Nusu saa ya mwisho huwa ya michezo. Baada ya wiki tatu tunafunga muhula kwa sherehe, na burudani ya siku hiyo imeangukia mikononi mwangu.

Wiki nne zilizopita tulicheza mchezo wa viti. Muziki unapigwa, watu wanazunguka, ukizimwa kila mtu anakimbilia kiti, na viti ni pungufu kwa kimoja. Ulipozimwa mara ya kwanza tu, binti mmoja wa miaka 14 alifika kwenye kiti pamoja na mvulana mkubwa. Wakakikalia kwa mpigo, huyu upande huu na yule upande ule, mguu wa kiti ukateleza, binti akaanguka chali. Mwili haukuumia. Lakini ukumbi mzima uliangua kicheko, na kwa kuwa ndiye aliyetoka wa kwanza, alikaa ukutani dakika 20 akiwatazama wenzake wakicheza. Jioni ile ile kipande cha video ya anguko lake kilikuwa kwenye kundi letu la simu. Hajarudi tangu siku hiyo. Mama yake alinipigia akasema, "Mimi nilimleta ajifunze mambo, sikumleta aje kuchekwa."

Kisha kuna mvulana mwenye kigugumizi. Tukianza na mchezo wa majina, ule wa kusimama katikati ya duara na kutaja jina lako na kitu unachokipenda, huomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilidhani ni sadfa, hadi alipoomba mara ya nne.

Na wapo vijana watano, wa miaka 16 na 17, ambao huvuta viti hadi nyuma ya ukumbi na kuinamia simu. Nikiwaita wananijibu, "Hiyo ni ya watoto." Wanachofanya huko nyuma ni kushindana mpira wa kwenye simu, wao kwa wao, kwa makelele.

Kaka mwenzangu anasema tatizo ni ulegevu wangu. Kwake kila mtu acheze, na asiyetaka apige pushapu 20 mbele ya wenzake. Anasema ukimwachia mmoja akae, wiki ijayo watakaa kumi. Mama mmoja wa kikundi ameshauri tuwatenganishe wadogo na wakubwa. Mimi nimefikia kutaka kufuta michezo yote: tuweke muziki, hotuba fupi, wanywe soda waende nyumbani kwa amani. Ila wako kama 15 ambao najua wanakuja kwa ajili ya nusu saa ile. Kila wiki wananiuliza, "Leo tunacheza nini?"

Je, vijana wa umri huu wameshaipita michezo, na mimi nalazimisha? Nifute, nilazimishe, au niwatenganishe? Na huyu binti nitamrudishaje?

Ni mimi, mlezi aliye njia panda.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo manne ambayo wewe umeyafunga katika mzigo mmoja ukauita "michezo". Kuna binti aliyeanguka na kuchekwa, kuna mvulana anayekimbia jina lake mwenyewe, kuna watano wa nyuma, na kuna tofauti yako na mwenzako. Kila moja lina mlango wake. Ukiufuta mchezo utakuwa umeyafunga yote kwa kufuli moja, na huenda ndani ya chumba hicho umefungia na yale yaliyokuwa mazuri.

Tuanze na hili la "wamekua, hawataki michezo." Jibu umeliandika wewe mwenyewe. Watano hao wako nyuma ya ukumbi wanacheza! Wanashindana, wanapiga kelele, wanahesabiana mabao. Sasa tazama tofauti ya mchezo wao na wako. Kwenye simu, akifungwa, anaanza upya baada ya sekunde chache. Hatolewi pembeni. Hakuna watu 27 wanaomtazama akikosea. Na hakuna mtu mzima anayempigia makofi ya kumhimiza, jambo ambalo kwa kijana wa miaka 17 ni zito kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia wa Marekani David Elkind alieleza mwaka 1967 jinsi kijana wa rika hili anavyoishi kama aliyesimama mbele ya hadhira: anaamini kila jicho linamtazama yeye, hata pale wenzake kila mmoja anajiwaza mwenyewe. Ukikumbuka hilo, "hiyo ni ya watoto" inaweza kuwa na maana nyingine: "humo ndani nitaonekana."

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mchezo gani ni wa watoto na upi ni wa wakubwa, uliza swali hili: mchezo huu ukichezwa, macho yako wapi? Katika mchezo wa viti, macho yote yako kwa anayekosa kiti. Katika mchezo wa majina, macho yote yako kwa anayesema. Michezo yako miwili mikuu inafanya kazi ile ile, kumtoa mtu mmoja na kumweka kwenye mwanga. Waliozoea mwanga huo wanafurahi, na huenda ndio hao 15 wako.

Sasa kufuta. Sikulaumu kwa kulifikiria. Mtu aliyeona mtoto akidhalilika mbele yake hupata hofu ya haki kabisa. Lakini pima hatari zake. Ukumbi wenye vijana 28, muziki na hotuba, ni ukumbi ambao mchezo pekee uliobaki ni kucheza dansi, na dansi ndiyo inayoanika watu kuliko mchezo wa viti. Wanaojua kucheza watakuwa watano au sita katikati, waliobaki watajipanga ukutani na simu zao, zile zile zilizorekodi anguko. Na kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Vijana watauliza kwa nini michezo imefutwa, na watajijibu wenyewe: ni kwa sababu ya fulani. Binti huyo atarudi, kama atarudi, akiwa ameshika kosa ambalo si lake.

Kulazimisha nako, usikutupe mbali haraka. Mwenzako ana hoja. Kama kukaa nyuma ni kutamu kuliko kucheza, wanaokaa nyuma wataongezeka, hilo ni kweli. Labda chini ya ukali wake kuna hofu ya kupoteza kikundi alichokilea miaka sita. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa? Tatizo la pushapu ni kwamba zinamchukua kijana aliyekataa kwa kuogopa kutazamwa, na kumweka mbele ya wote atazamwe zaidi. Wiki inayofuata atacheza kwa uso wa mawe, au hatakuja.

Kati ya kulazimisha na kuachia kuna njia ambayo walezi wengi wameipita. Shirika la Project Adventure, lililoanzishwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1971, lilijenga kazi yake juu ya kanuni ambayo kwa Kiswahili ningeiita changamoto kwa hiari: kijana anachagua kiasi cha kujitosa, lakini anabaki ndani ya kikundi. Maana yake kwa ukumbi wako ni kwamba hakuna mtazamaji, ingawa si lazima wote wawe wachezaji. Yupo anayeshika saa, yupo anayehesabu pointi, yupo anayewasha na kuzima muziki, yupo anayegawa vifaa. Hatari mbili ziko hapa. Ya kwanza, kazi hiyo inaweza kuwa pango la kujificha. Kijana yule yule akishika saa wiki nne mfululizo, umempa ukuta mwingine wa kuegemea. Izungushe. Ya pili ni jinsi unavyouliza. Ukisimama mbele ukasema, "Nani hataki kucheza?" umeiua hiari hapo hapo. Zitangaze kazi mwanzoni kabisa, kabla ya kutaja mchezo, ili anayeichukua aonekane amechagua kazi na si kwamba amekimbia mchezo.

Kuwatenganisha kwa umri kuna faida yake, hasa kwa michezo ya mbio na kusukumana, maana kijana wa miaka 17 akimgonga wa 13 mwenye kuumia ni mmoja. Lakini ukiifanya ndiyo desturi, wale watano watapata uthibitisho kuwa huku ni kwa watoto, na wadogo watakosa kuona wakubwa wakifurahia kitu nje ya simu. Unaweza kutenganisha kwa mchezo mmoja na kuchanganya kwa mingine. Hilo nakuachia, wewe ndiye unayewajua kwa sura.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho naomba ukitazame vyovyote utakavyoamua, nacho ni namna ya kugawa makundi. Kama mmekuwa mkiteua manahodha wawili wachague watu mmoja mmoja, yupo anayebaki wa mwisho, na anajua amebaki wa mwisho. Chukua pakiti ya karata, toa namba saba tu, kwa mfano kuanzia mbili hadi nane, kila namba ina karata nne. Hizo ni karata 28, idadi yako kamili. Ukigawa kwa namba unapata makundi saba ya watu wanne. Ukigawa kwa maua, yaani shupaza, kopa, uru na pau, unapata makundi manne ya watu saba. Ukigawa kwa nyekundu na nyeusi, unapata pande mbili za watu 14. Gawa karata mlangoni mara moja tu, kisha katika kila mchezo tangaza mgawo mpya. Watajaribu kubadilishana ili wakae na marafiki, vijana ni vijana. Ndiyo maana usiseme mapema kama mgawo ni wa namba, wa ua au wa rangi. Wakija 26, makundi mawili yatakuwa na watu watatu, hakuna ubaya. Na kama kuna mzazi atakayeona karata akafikiria kamari, kata vipande vya karatasi ngumu, andika namba, chora alama nne za rangi mbili, kazi imekwisha.

Sasa michezo yenyewe. Sitakupangia sherehe nzima, nitakuonyesha michache ili uone jinsi macho yanavyoweza kutawanywa.

Wa kufungulia, jaribu treni ya jiwe, karatasi, mkasi. Wote wanasimama wawiliwawili na kushindana mara moja: kwa mpigo kila mmoja anatoa ngumi (jiwe), kiganja (karatasi) au vidole viwili (mkasi); jiwe hushinda mkasi, mkasi hushinda karatasi, karatasi hushinda jiwe. Anayeshindwa hatoki, anakwenda nyuma ya mshindi, anashika bega lake au ncha ya kitambaa, na kuanza kumshangilia kwa jina. Mshindi anatafuta mshindi mwingine. Kwa watu 28 inabaki misururu 14, kisha saba, nne, miwili, mmoja. Raundi tano, dakika tatu au nne, na mwisho ukumbi wote unaimba jina la mtu mmoja bila hata mmoja kukaa ukutani. Kinachoharibika hapa ni sare zisizoisha na watu wanaokimbia na kukanyagana, basi sema mapema: sare ya tatu, wote wawili wanabadilisha mkono; na treni hutembea, haikimbii, hasa kwenye vigae.

Huo pia unamgusa mvulana wako. Wengi wenye kigugumizi husema bila kukwama wanaposema kwa pamoja na wengine, kwa hiyo kushangilia ndani ya kundi si mzigo kwao. Lakini jina lake mwenyewe huwa neno gumu kuliko yote, kwa kuwa ni neno asiloweza kulibadilisha na jingine jepesi. Ndiyo maana duara la majina linamkimbiza. Majina yaandikwe kwenye kibandiko kifuani, au kila mtu amtambulishe jirani yake badala ya kujitambulisha. Usilitangaze kuwa umefanya hivyo kwa ajili yake. Pia usidhani unajua anachotaka. Muulize kando, kwa sentensi moja, mkiwa mnapanga viti. Wapo wenye kigugumizi wanaotaka wapewe nafasi na muda wa kusema, na wanaoumia wakirukwa.

Mchezo ambao kwa maoni yangu ungewafaa sana ni ule wa sentensi na picha. Karatasi 49 za A4, kila moja ikikatwa vipande vinne, zinakupa vijitabu 28 vya kurasa saba, vilivyobanwa kwa stepla kwenye kona ya kushoto. Makundi manne ya watu saba, kila mtu na kijitabu chake. Ukurasa wa kwanza anaandika sentensi moja ya ajabu, tuseme "Tembo anaosha soksi za daktari." Anampa wa kulia kwake. Huyo anasoma, anafunua ukurasa wa pili, anachora alichosoma. Anayefuata anaona mchoro tu, anaandika sentensi anayodhani ndiyo. Hivyo hivyo hadi ukurasa wa saba, kisha kijitabu kinarudi kwa mwenyewe, naye anafungua wote waone jinsi tembo alivyogeuka kuwa bomba la maji.

Angalia kilichotokea: watu saba wote wanafanya kazi kwa wakati mmoja, wameinamisha vichwa, hakuna anayetazamwa, na mchoro mbaya ndio unaoleta raha. Asiyejua kuchora ndiye anayeuokoa mchezo! Idadi ya saba haikuja kwa bahati; ikiwa ni witiri unaanza na sentensi na kumaliza kwa sentensi, lakini wakiwa wanane mwisho unakuwa mchoro usiosomeka kwa sauti. Toa sekunde 45 kwa sentensi na 90 kwa mchoro, yote yakwisha kwa dakika nane hivi. Kila mtu asubiri ishara yako ndipo apitishe. Wenye haraka wakipitisha mapema, vijitabu vinarundikana kwa mwenye polepole na huyo atajiona mzito. Tumia penseli au kalamu ya kawaida, wino wa maka hupenya hadi ukurasa wa pili na kutoboa siri. Na sheria moja isiyojadiliwa: hakuna sentensi wala mchoro wa mtu aliyemo ukumbini. Bila hiyo, kijana mmoja ataandika habari ya mtu kuanguka kwenye kiti.

Mkipenda wa mikono na miili, kuna fundo la watu, lakini tumia kamba badala ya kushikana viganja. Wavulana na wasichana wa umri huu wengine hawataki kushikana, na wasilazimike kueleza kwa nini. Kila mtu anahitaji kipande kimoja cha sentimita 60, kwa hiyo watu kumi vipande kumi. Kwa wote 28, mita 17 za kamba laini zinatosha. Virundike vikiwa vimepishana katikati, kila mmoja ashike ncha moja kwa kila mkono, asishike ncha mbili za kamba moja. Kazi ni kulifungua fundo mbaki duara moja, bila kuachia ncha. Kamba inazunguka kiganjani kwa urahisi kuliko mkono, hivyo vifundo vya mikono havipindwi. Asivute mtu, na asiruke mtu kamba iliyo juu ya goti. Lingine ni kwamba mafundo mengine hayafunguki kabisa, na mengine hufunguka yakawa maduara mawili. Waambie kabla, na baada ya dakika kumi waruhusu waachie kamba moja tu wanayoichagua. Kundi lililokwama bila kujua hilo huanza kutafuta wa kulaumiwa.

Kuhusu simu, umeziona kama adui, lakini zipe kazi. Makundi saba ya watu wanne, simu moja kwa kundi, nyingine zote mfukoni. Wape mambo kumi ya kupiga picha ndani ya dakika 20: kivuli kimoja kilichoundwa na watu wanne, kitu kilicho na umri mkubwa kuliko umri wenu wote mkijumlisha, herufi iliyojitengeneza yenyewe kwenye ukuta au mti, vitu saba vya rangi saba. Sheria ya dhahabu, picha isionyeshe sura ya mtu: vivuli, mikono, viatu, migongo. Kufuta picha baadaye huwezi kukuhakikisha, lakini picha isiyo na sura haiwezi kumwaibisha mtu. Weka mipaka ya eneo, na mlezi mmoja asimame kwenye lango.

Watano wako wa nyuma, jaribu kuwakabidhi uendeshaji. Ule mchezo wa mafia, uliobuniwa na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow, mwaka 1986, unafaa kundi la 14: watatu ni wahalifu wa siri, mmoja daktari, mmoja mpelelezi, waliobaki raia, na mwendeshaji anayetangaza usiku na mchana. Usiku wote hufumba macho na wahalifu humchagua kimyakimya wa "kuuawa"; mchana wote hujadiliana na kumpigia kura ya kutoka wanayemshuku. Wanaona kuna akili ndani yake, na kuuendesha vizuri ni kazi ya mtu aliyekomaa. Udhaifu wake ndio ule ule wa viti: anayeuawa usiku wa kwanza hukaa nje muda mrefu. Dawa yake ni kumfanya msaidizi wa mwendeshaji, afumbue macho na kuona siri zote. Habari za kuua zikiwasumbua wazazi, waite wezi na wenye mali. Na tuhuma ziwe za mwenendo wa ndani ya mchezo tu. Hapo mlezi awe karibu, kwa sababu uhasama wa shuleni unaweza kuvaa nguo za mchezo.

Vya kuacha kabisa ni michezo ya kujaza kitu mdomoni, maana watu wamewahi kufa kwa kusongwa, na ile ya kujiangusha nyuma udakwe, kama hakuna aliyefunzwa kudaka. Mapulizo nayo, uliza kwanza kama kuna mwenye mzio wa mpira. Na mchezo wowote, ukatize ukiwa bado mtamu. Vijana wakiomba "mara moja zaidi," hapo ndipo pa kusimama.

Mchezo wa viti wenyewe si lazima uufukuze. Upo mtindo ambao kinachopungua ni viti, watu wanabaki wote, na lazima wote wapate pa kukaa. Kwenye viti vyako vya plastiki usithubutu, watu watatu wakikalia kimoja kitapasuka. Tumia kurasa za magazeti zilizobandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, ili zisiteleze. Ila jiulize kama muhula huu ndio wakati wake. Muziki ukizimwa ghafla, huenda yupo atakayelikumbuka anguko lile.

Nimebakiza binti, na nimefanya hivyo makusudi. Wewe umeandika kwamba mchezo ndio uliomfukuza. Una hakika? Kuanguka kulichukua sekunde moja, kicheko kikachukua dakika moja, lakini video imekuwa mfukoni mwa kila mtu kwa wiki nne. Inawezekana hicho ndicho asichoweza kukikabili. Je, bado ipo kwenye kundi? Kama ipo, hilo haliwezi kusubiri sherehe. Iondolewe leo, aliyeirusha azungumziwe kando na ninyi walezi wawili, bila kumsimamisha mbele ya wote, vinginevyo tutakuwa tumetengeneza aibu ya pili ili kutibu ya kwanza.

Kisha mpigie mama yake. Usimwandikie binti kisirisiri kwenye simu yake, pitia kwa mzazi. Mwambie mama kwamba mliona, kwamba lilikuwa kosa la mpangilio wenu walezi, na kwamba video imeondolewa. Usimwahidi kuwa hakuna atakayecheka tena, hilo huliwezi. Muulize kama binti yuko tayari kusema nawe, na kama hayuko tayari, upokee hivyo.

Akikubali kurudi, fikiria mlango atakaoingilia. Akifika wenzake 27 wameshakaa, atavuka ukumbi mzima wakimwangalia. Lakini akiombwa aje robo saa mapema, yeye na rafiki mmoja atakayemchagua, wakabana vijitabu kwa stepla na kupanga karata, basi wenzake watakapoanza kuingia yeye atakuwa amesimama mlangoni akiwagawia, na kila mmoja atanyoosha mkono kwake kuchukua karata yake.